Kutoka Dishi la Longonot hadi Paa la Mabati la Ndabibi

Mwaka 1970, kwenye uwanda ulio chini ya Mlima Longonot, kilifunguliwa kituo cha setilaiti kilichobadili namna Afrika Mashariki ilivyozungumza na dunia. Dishi lake lilikuwa na upana wa karibu mita 30, nalo lilielekezwa kwenye setilaiti iliyotulia juu ya Bahari ya Hindi. Kabla ya hapo, aliyetaka kuzungumza na London kutoka Nairobi alitegemea masafa mafupi ya redio. Sauti ilizama na kuibuka kadiri anga lilivyopenda, na mara nyingine simu ilikatika kabla salamu hazijaisha. Longonot ilipoanza kazi, sauti hiyo ilipanda kilomita 36,000 angani, ikashuka Ulaya ikiwa safi.

Ng'ambo ya Ziwa Naivasha, upande wa magharibi, iko Ndabibi: tambarare ya mashamba iliyobanwa kati ya ziwa, milima ya Eburru na kuta za Mau. Kutoka huko hadi kwenye dishi hilo ni kilomita zisizofika hata hamsini. Kwa miongo kadhaa mazungumzo ya mabalozi, mabenki na wafanyabiashara yalipita katika bonde hilihili, ilhali mkulima wa Ndabibi hakuwa na simu ya kumwitia mgonjwa gari. Historia ya mtandao wa nyumbani katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ni historia ya kipande hicho kifupi cha njia, kati ya mtambo mkubwa na mlango wa nyumba.

Kuhama ndiko kulikoijenga Ndabibi. Wamaasai walilisha mifugo yao kuzunguka Naivasha hadi mkataba wa mwaka 1904 ulipowaondoa katika eneo hilo ili kuwapisha walowezi. Shamba la Ndabibi likawa mali ya Gilbert Colvile, mfugaji Mwingereza aliyekuwa na maelfu ya ng'ombe na aliyejulikana kwa ukaribu wake na Wamaasai. Baada ya uhuru, sehemu ya ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa serikali chini ya shirika la kilimo la ADC, na baadaye ikakatwa vipande na kupewa wakazi. Mwaka 1993 maelfu ya watu walifukuzwa makwao katika eneo la Enoosupukia, wakapiga kambi Maela. Karibu familia 200 kati yao zilipewa mashamba Moi Ndabi, jirani na Ndabibi. Hao walifika na sufuria, magodoro na watoto. Walichouliza kwanza ni maji yako wapi, na shule iko wapi. Swali la mtandao lilikuja baadaye sana.

Neno lenyewe, simu, lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Waya wa kwanza wa aina hiyo kufika pwani yetu uliletwa kupitia baharini: mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa telegrafu, na mwaka 1890 ikaja zamu ya Mombasa. Reli ya Uganda ilipopanda bara na kupita Naivasha na Nakuru mwaka 1900, nguzo za telegrafu zilifuatana nayo. Wanandi, waliokuwa wakipambana na Waingereza, walikata nyaya hizo na kuzifanya mapambo ya shingo na mikono. Karne moja baadaye nyaya za shaba za simu ziliibwa tena kote nchini, safari hii zikauzwa kama vyuma chakavu, na mitaa mizima ikabaki na nguzo tupu.

Katika mashamba ya walowezi, simu ilifika kwa njia ya laini ya pamoja. Waya mmoja uliunganisha mashamba kadhaa na stesheni ya posta. Kila kifaa kilikuwa na mkono wa kuzungusha, na kila shamba lilikuwa na mlio wake, tuseme mmoja mrefu na miwili mifupi. Kengele ililia katika kila nyumba, na kila mmoja alihesabu milio ili ajue kama ni wake. Aliyependa kusikiliza ya jirani aliinua mkono wa simu polepole na kuziba pumzi. Vibarua na wapishi wa mashamba hayo waliisikia kengele kila siku, lakini haikuwahi kulia kwa ajili yao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu, KPTC. Aliyehamia nyumba mpya hakuwa na la kuchagua: alijaza fomu posta, akalipa, akasubiri. Wengi walisubiri kwa miaka. Kufikia mwaka 1999, nchi yenye watu milioni 28.7 ilikuwa na laini za waya takriban 300,000 tu, na nyingi zilikuwa Nairobi na miji mikubwa. Kwa watu wa Ndabibi, simu ilikuwa safari ya kwenda Naivasha mjini, sarafu mkononi, foleni mbele ya kibanda.

Mwaka huohuo KPTC iligawanywa: Posta upande mmoja, Telkom Kenya upande mwingine, na tume ya kusimamia mawasiliano pembeni. Mwaka 2000 Safaricom na KenCell zikaanza kushindana kwa simu za mkononi. Hapo ndipo waya uliposhindwa. Mnara mmoja juu ya kilima ulifanya kazi ambayo nguzo elfu moja hazikuweza, na watu waliosubiri laini tangu utoto wakanunua simu sokoni na kuzungumza siku hiyohiyo. Lakini mawimbi ya mnara hayapendi vilima. Eburru, Mau na mikunjo ya ardhi iliyo kati yake huacha vivuli, na katika vivuli hivyo kila familia ilijua mahali pake pa kupata mtandao: chini ya mti fulani, kwenye kona ya boma, juu ya kichuguu.

Intaneti nayo ilianza katika miaka ya 1990, na ilianza kwa bei ya matajiri. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na vijana watatu Wakenya waliosomea Marekani, ilikuwa kati ya kampuni za kwanza kuwauzia Wakenya huduma hiyo. Modemu ililia kama jogoo aliyepaliwa, na kila dakika ililipiwa kama simu. Mwaka 1998 KPTC, kabla ya kugawanywa, ilizindua Jambonet, mlango rasmi wa kutokea nje. Mlango huo, kama simu za zamani, ulipitia setilaiti. Kasi ya megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Ndiyo maana mtu wa kawaida wa Naivasha alikutana na intaneti katika saiba, akalipa kwa dakika, akaandika barua pepe akiangalia saa ukutani.

Mabadiliko makubwa yaliingia kupitia Mombasa mwaka 2009. Waya wa TEAMS ulifika ufuoni Juni, na SEACOM ukaanza kazi Julai. EASSy ukafuata mwaka 2010. Nyaya hizi hazikuwa za shaba. Zilikuwa nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga ndio unaokimbia ndani yake. Serikali ilikuwa tayari inachimba mitaro ya faiba ya taifa kuelekea mijini, na kampuni za simu zikachimba ya kwao. Kazi kubwa ya dishi la Longonot ikahamia chini ya bahari. Waya, uliokuwa umeshindwa na mnara, ulirudi ukiwa na nguvu kuliko mwanzo.

Ila waya hufuata msongamano wa nyumba. Mtaro hugharimu kiasi kilekile kwa kila mita, uwe unapita mbele ya ghorofa lenye wapangaji arobaini au kando ya shamba la mahindi. Kwa hiyo faiba ya nyumbani ilishika kasi Nairobi, kisha Nakuru mjini na miji mingine, huku vijiji vikiendelea kununua bando za simu kwa siku na kwa saa.

Pengo hilo lilionekana wazi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mwalimu alifundisha kwenye skrini, na mtoto wa kijijini alitazama simu ya mzazi ikizungusha kigurudumu cha kusubiri. Julai mwaka huo likaja jaribio la ajabu. Kampuni ya Loon, ndugu wa Google, kwa kushirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa maputo. Yalikuwa karibu 35, yakielea kilomita 20 angani, juu zaidi ya zinakopita ndege za abiria, na eneo lililolengwa lilikuwa takriban kilomita za mraba 50,000, Nakuru ikiwemo. Kompyuta ziliyapandisha na kuyashusha ili yashike upepo unaofaa. Januari 2021 wenye mradi walitangaza kwamba gharama hazilipiki, na mwezi Machi huduma ikazimwa Kenya. Maputo yaliondoka, na tatizo lililoyaleta likabaki palepale.

Julai 2023 ikaingia Starlink, na anga la Bonde la Ufa likarudi kazini kwa namna nyingine. Setilaiti ya zamani ya Longonot ilikaa kilomita 36,000 juu, na sauti ilichukua kama robo sekunde kupanda na kushuka, ndiyo maana wazungumzaji wa enzi hizo waliingiliana maneno. Za Starlink huzunguka karibu kilomita 550 tu, hivyo kuchelewa huko hakusikiki. Mwaka 1970 ilihitajika sahani ya mita 30 na kikosi cha wahandisi. Sasa sahani inaingia katika boksi na hubebwa nyuma ya pikipiki. Mwanzoni ada ya mwezi ilikuwa shilingi 6,500. Mwaka 2024 zikaongezwa njia nafuu: kukodi kifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Mwishoni mwa mwaka huo wateja walikuwa wengi kiasi kwamba Nairobi na kaunti jirani zilisimamishiwa usajili mpya.

Leo, basi, anayehamia Ndabibi anakuta njia nne ambazo babu yake hakuwa nazo. Ya kwanza ni faiba, pale inapofika. Fundi huvuta waya mweusi kutoka nguzoni hadi dirishani, akachuna ngozi yake, akafuta uzi wa kioo kwa kitambaa chenye spiriti, akaukata ukatike wima kabisa, kisha akauweka katika mashine ndogo inayoziyeyusha ncha mbili zikawa moja. Chembe moja ya vumbi hapo huiharibu kazi yote. Ya pili ni ruta yenye laini ya simu, ya 4G au 5G, ambayo haina fundi wala shimo ukutani, ila inategemea mnara ulioko jirani na wingi wa watu wanaougawana. Ya tatu ni kampuni ndogo za redio, kama Mawingu iliyoanzia Nanyuki mwaka 2013: dishi dogo hufungwa kwenye bomba juu ya mabati na kulengwa kwenye mlingoti, na ni lazima vionane bila mti wala kilima katikati. Ya nne ni setilaiti, ambayo hudai anga wazi tu, na stima.

Stima nayo isisahauliwe. Olkaria, upande wa pili wa vilima, imezalisha umeme wa mvuke tangu mwaka 1981, na bado ziko nyumba ndani ya upeo wa mvuke wake ambazo usiku hutegemea sola. Ruta ndogo hula wati chache. Sahani ya kawaida ya setilaiti hula hamsini au zaidi saa zote, na betri iliyonunuliwa kwa ajili ya taa na redio haitaimudu hadi asubuhi.

Hata waya bora una siku zake. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikapungua kasi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kwa mwenye faiba ya bei ghali na kwa mwenye bando ya shilingi ishirini vilevile.

Serikali iliyoingia mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya intaneti ya umma. Ahadi hiyo haipaswi kupimwa kwa kilomita zilizochimbwa kando ya barabara kuu. Ipimwe Ndabibi, Maela na Eburru, katika zahanati na shule za huko, kwa sababu eneo hili lilibeba simu za kwenda ng'ambo kwa miongo kadhaa bila kupata sehemu yake.

Anayehamia huko asingoje ahadi itimie. Kabla ya kulipa lori na kodi, aende kwenye nyumba yenyewe jioni, saa ambayo kila mtu yuko mtandaoni. Abebe simu yenye laini za kampuni mbili, asimame mlangoni, kisha sebuleni, apime kasi. Aipe kampuni mahali hasa nyumba ilipo, kwani jina la mji peke yake halitoshi. Aulize kifaa ni cha nani siku atakapohama tena, na nani atakuja kikiharibika. Kisha amwendee jirani aliyekaa hapo msimu mzima wa mvua, amuulize anatumia nini na hukatika mara ngapi. Jibu la jirani huyo ndilo la kuamini kuliko ramani yoyote ya kampuni.