Mabinti wa Nabisunsa

Alhamdulillahi, katika furaha hii ya jumuiya yetu haifai kuwasahau mabinti waliotoka Nabisunsa. Makerere ilipokea wanawake 6 wa kwanza mwaka 1945, lakini kwa Waislamu wengi mlango ule ulikuwa mbali. Skuli za kuufikia zilikuwa za misheni, na mzazi alichelea binti yake asije akarudi amebatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, ila hasara yake iliwaangukia mabinti.

Ndipo mwaka 1954 marehemu Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, alipoianzisha Nabisunsa, binti asome hesabu pasipo kuiacha sala yake. Waliohitimu huko wamekuwa waalimu, madaktari na wanasheria. Wanawake wa Kiislamu wamefika hata barazani: Bi Syda Bbumba alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo nchini, na Bi Rukia Nakadama aliteuliwa Naibu wa Tatu wa Waziri Mkuu mwaka 2021.

Wako wazee waliosema binti akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Leo wajukuu wao ndio wanaowasomea barua za hospitali.