Mtu wa Tatu katika Mapatano

Tuseme kijana aliyeko Dar es Salaam anapatana na fundi amjengee mama yake nyumba ya vyumba viwili hapa Themi, naye anampa fedha. Fundi anachimba msingi, anapanga mawe machache, kisha anatoweka. Anayenyeshewa ni mama. Lakini mama huyo akienda mahakamani kudai nyumba, ataulizwa kwanza: wewe ulipatana na nani? Naye hakupatana na mtu. Mwenye kesi ni mwanawe.

Wanasheria husema mkataba huwafunga waliouweka tu. Kanuni hii ilithibitishwa Uingereza mwaka 1861, katika kesi ya Tweddle na Atkinson. Wazee wawili, baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, waliahidiana kwamba kila mmoja atampa bwana harusi kiasi fulani cha fedha. Baba mkwe akafa kabla ya kulipa. Kijana alipodai katika mali ya marehemu, alishindwa, ingawa jina lake lilikuwamo katika maandishi yenyewe. Mzee wa Kimeru aliyezoea mapatano ya koo mbili, ambamo ndoa ni ya wote, angetikisa kichwa kwa mshangao.

Sheria yetu ya mikataba, iliyotungwa mwaka 1961, ilifuata kwa sehemu kubwa ile ya India ya mwaka 1872. Inakubali kwamba malipo ya ahadi yaweza kutolewa na mtu mwingine asiye yule aliyeahidiwa. Hata hivyo mahakama zetu zimeendelea kushika kanuni ya kwamba anayedai ni mwenye mkataba. Waingereza wenyewe waliilegeza kwa sheria ya mwaka 1999, ikampa mtu wa tatu nafasi ya kudai pale mkataba unapokusudia afaidike.

Ndugu msomaji, jambo hili si la vitabuni tu. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuliwahi kuwa mtu wa tatu katika mapatano makubwa kuliko ya fundi na nyumba.

Tarehe 13 Desemba 1946 Umoja wa Mataifa uliidhinisha mapatano na Uingereza juu ya udhamini wa Tanganyika. Waliopatana walikuwa hao wawili. Kifungu cha 8 kilimtaka mdhamini, katika kutunga sheria za ardhi, azingatie mila za wenyeji, aheshimu haki zao na kulinda maslahi yao ya wakati ule na ya baadaye. Ahadi ilikuwa yetu. Sahihi hazikuwa zetu.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki, watu karibu 3,000, ili ardhi yao iwe ya walowezi wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakaelekezwa Kingori. Katika mahakama za mdhamini hapakuwa na tumaini kubwa, kwa maana mdhamini ndiye aliyewatoa.

Basi wakatafuta mlango mwingine. Hati ya Umoja wa Mataifa iliwaruhusu wakazi wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, waliipeleka kesi hiyo New York. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ilipitisha azimio la kuwaunga mkono, lakini katika kikao kamili azimio halikupata theluthi mbili za kura. Ardhi haikurudishwa.

Hapo ndipo niliponza kuelewa tofauti ya haki mbili zinazofanana. Iko haki ya kusikilizwa, na iko haki ya kulipwa. Wameru walipewa ya kwanza, wakanyimwa ya pili. Hata hivyo ile ya kwanza haikuwa bure. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza yaliyotokea, na watu wengi wakajifunza kwamba mdhamini aweza kuulizwa. Habari hizo zilisaidia kuandaa njia ya TANU mwaka 1954.

Tazama pia Namibia. Ethiopia na Liberia zilipoishitaki Afrika Kusini kwa kuvunja dhamana yake huko, Mahakama ya Kimataifa ilisema tarehe 18 Julai 1966 kwamba hazikuwa na haki ya kisheria katika jambo hilo. Kura zilikuwa 7 kwa 7, na kura ya Rais wa mahakama ndiyo iliyoamua. Swali lilikuwa lile lile la mama wa Themi: wewe ulipatana na nani?

Sasa, wajibu huisha vipi? Huisha kwa kutimizwa, kwa wenyewe kukubaliana kuufuta au kuweka mkataba mpya mahali pake, au kwa jambo kuwa lisilowezekana. Tena, fundi mwingine akiimaliza ile nyumba na kijana akaipokea, hawezi kumgeukia fundi wa kwanza amjengee ya pili. Udhamini wa Tanganyika uliisha tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, ukahesabiwa umetimizwa. Ule wa Namibia Umoja wa Mataifa uliufuta Oktoba 1966 kwa sababu mwenye dhamana alikuwa ameuvunja.

Lakini katika njia zote hizo anayesema wajibu umekwisha ni mmoja wa waliopatana. Aliyekusudiwa kufaidika haulizwi. Kwa mzee aliyeiona nyumba yake ikiungua Engare Nanyuki, je, deni lile lilikwisha kwa bendera kupandishwa? Bendera tuliitaka, nayo ilitupa serikali yetu wenyewe ya kudai kwayo. Ila ahadi ya Kifungu cha 8 ilikuwa imekwisha vunjwa miaka 10 kabla, wala kuondoka kwa mdhamini hakukuijenga upya nyumba ile.

Leo mapatano ya namna hii ni mengi: ya shamba, ya maji, ya mgodi, ambamo wawili hutia sahihi na kijiji kizima hutajwa kuwa kitafaidika. Kutajwa hakutoshi. Kabla wino haujakauka, wanakijiji waulize: wawili hawa wakikosana, au wakipatana kuifuta ahadi, sisi tutasimama wapi? Nafasi hiyo na iandikwe mle mle, pamoja na jina la atakayedai.