Haki za Matangazo na Lugha ya Mtazamaji: Runinga ya Michezo kwa Kiswahili, kutoka Los Angeles hadi Dundori

Mwaka 2011, FIFA ilipouza haki za kuonyesha Kombe la Dunia la 2018 na la 2022 nchini Marekani, iliuza michuano hiyohiyo mara mbili. Fox ilinunua matangazo ya Kiingereza, na Telemundo ikanunua ya Kihispania. Kwa mujibu wa taarifa za magazeti ya wakati huo, Telemundo ilikubali kulipa takriban dola milioni 600, ilhali Fox ilitoa zaidi kidogo ya milioni 400. Lugha ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya vibarua wa mashambani na wapishi wa mikahawani ilikuwa imepata bei iliyoipita lugha ya bunge na mahakama.

Hoja ninayoitetea inatokana na mauzo hayo. Kenya ina historia ndefu ya kutangaza kandanda kwa Kiswahili, lakini historia hiyo ni ya redio. Runinga ya kulipia ilipokuja na kamera zake na fedha zake, ilizungumza Kiingereza, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba soko ndilo lililotaka hivyo. Maelezo hayo hayatoshi. Soko halikuulizwa. Haki za matangazo katika ukanda wetu huuzwa kwa nchi au kwa kundi la nchi, na aliyezinunua ndiye anayechagua lugha. Mahali ambapo lugha yenyewe iliwekwa mezani na kupewa bei, kama Marekani, vituo vizima vilijengwa juu yake.

Tuanzie huko, kwa kuwa mpangilio wa matukio una mafunzo. Timu ya besiboli ya Dodgers ilihamia Los Angeles mwaka 1958. Mwaka uliofuata Jaime Jarrín, mzaliwa wa Ekwado, alianza kuitangaza kwa Kihispania redioni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2022. Fernando Valenzuela, kijana wa Dodgers kutoka Meksiko, alipoanza kuwashangaza wapigaji mwaka 1981, hadhira ya Kihispania ya kumfuatilia ilikuwa imekwisha kulelewa na redio kwa zaidi ya miaka 20. Runinga ilirithi kazi hiyo. Mwaka 1993 kampuni ya Prime Ticket ilianzisha La Cadena Deportiva. Kituo hicho kilipita mikononi mwa Fox, kikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na tangu 2010 kinaitwa Fox Deportes. ESPN Deportes ilianza kurusha matangazo saa 24 mwaka 2004. Univision, ambayo mtangazaji wake Andrés Cantor alijulikana na Wamarekani wote kwa jinsi alivyolivuta neno la bao katika Kombe la Dunia la 1994, ilifungua kituo chake cha michezo mwaka 2012, na mwaka 2019 kikawa TUDN.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo nadhani lina uzito kuliko majina na miaka. Kwa muda mrefu Kihispania kilikuwa sauti ya pili tu: picha ni ya kituo cha Kiingereza, mtazamaji anabonyeza kitufe, anasikia mtangazaji mwingine. Utaratibu huo una faida yake, lakini kamera bado inaongozwa na mtu mwingine, na mechi imechaguliwa na mtu mwingine. Kituo kamili kilipozaliwa, uchaguzi ulibadilika. Ligi ya Meksiko ikawa ligi ya kandanda yenye watazamaji wengi zaidi katika runinga za Marekani, ikiiacha nyuma hata ile ya Uingereza. Hilo lisingetokea kwa kutafsiri matangazo ya Kiingereza. Lilitokea kwa sababu aliyekuwa na lugha alikuwa pia na kamera, studio na daftari la kununulia haki. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Nielsen ilianza kuzipima kando kaya za Wamarekani wenye asili ya Kihispania. Mtangazaji wa biashara akapata takwimu za kumwonyesha mkurugenzi wake, na fedha zikafuata.

Sasa tugeukie kwetu. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na sauti yake pamoja na za wenzake kama Ali Salim Manga na Mohamed Juma Njuguna ziliwafundisha Wakenya kuuona uwanja wasioufikia. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi Barani Afrika Desemba 1987, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia na kunusurika kwa mabao ya ugenini, watu wengi mno nje ya Nairobi waliupata ushindi huo masikioni. Upande wa Tanzania, Charles Hilary alikuwa na nafasi kama hiyo Redio Tanzania, kabla ya kwenda Redio One na baadaye idhaa za nje. Hadhira ilikuwepo, imelelewa, inajua kusikiliza. Kilichokuwa kimebaki ni runinga kuirithi.

Haikuirithi. MultiChoice, kampuni ya runinga ya kulipia ya Afrika Kusini, iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990 na vituo vyake vya michezo vya SuperSport, ikiwa na mtindo wa Johannesburg. Mwaka 2007 GTV ilijitokeza na sehemu kubwa ya haki za Ligi Kuu ya Uingereza, ikauza ving'amuzi kwa kasi, kisha ikafunga ghafla Januari 2009 na kuwaacha wateja na masanduku yasiyo na kazi. Katika kipindi hicho SuperSport ilisaini mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu ya Kenya, na lazima tuitendee haki: kwa mara ya kwanza klabu zetu zilipata fedha za uhakika, na viwanja vyetu vikaonekana vikiwa na kamera nyingi na marudio ya kila tukio. Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyokuwa na makao Nakuru, ilitwaa ubingwa wa 2010 mbele ya kamera hizo. Lakini sauti iliyotawala ilikuwa ya Kiingereza. Shabiki wa Nakuru aliyeizoea Ulinzi kwa Kiswahili cha uwanjani Afraha aliiona kwenye kioo ikielezwa kama timu ya ugenini. Mkataba ukavunjika mwaka 2017, baada ya mzozo wa kuongeza timu za ligi kutoka 16 hadi 18.

Dundori ni mahali pazuri pa kupima athari za haya yote, hasa kwa kuwa hapatajwi katika ripoti za soko la runinga. Ni kituo cha biashara juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye barabara inayopanda kutoka Lanet, penye kambi ya jeshi, kwenda Ol Kalou. Watu wa huko hulima viazi, karoti na kabichi, na baridi yake huwafanya wanaume wavae koti hata adhuhuri. Runinga ya kulipia hutazamwa zaidi bandani. Banda lenyewe ni la mabati, lina mabenchi ya mbao, na nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki mechi za siku na saa zake. Kioo kimefungwa juu ndani ya kizimba cha chuma, na mwenye banda hukaa mlangoni akipokea sarafu. Wapakiaji wa magunia huketi pamoja na wenye mashamba, madereva wa matatu na wanafunzi.

Siku ya mechi kubwa inayotangazwa moja kwa moja kwa Kiingereza kutoka uwanja wa hapa nchini, mwenye banda hupunguza sauti ya runinga na kuwasha redio ya Kiswahili. Utaratibu huu una kasoro ambayo kila mtu bandani anaijua. Picha hupanda hadi setilaiti na kushuka, hupita kwenye mitambo ya kusimba na kusimbua, na hufika ikiwa imechelewa kwa sekunde kadhaa. Redio ya FM hutangulia. Mtangazaji anapaza sauti ya bao wakati mshambuliaji kwenye kioo bado hajavuka nusu ya uwanja. Watu wanashangilia, kisha wanatulia ili waangalie kile walichokwisha kukishangilia.

Wachumi wa vyombo vya habari wangepaswa kulichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Mtazamaji amelipa kiingilio na yuko tayari kuupoteza mshangao wa bao, ambao ndio hasa alioulipia, ili aipate lugha anayoitaka. Sijui kipimo gani cha mahitaji ya soko kilicho wazi zaidi. Ila hakihesabiwi. Banda lenye watu 60 ni king'amuzi kimoja katika daftari la kampuni, na mara nyingi king'amuzi hicho kimesajiliwa kama cha nyumbani. Kaya zenye asili ya Kihispania zilipohesabiwa kando, vituo vikazaliwa. Sisi tumewaacha mamilioni ya watazamaji nyuma ya kadi moja ya malipo, kisha tukasema hawapo.

Kuna pingamizi linalostahili jibu. Mtu anaweza kusema kwamba lugha ya nyumbani Dundori ni Kikuyu, si Kiswahili, na kwamba kama ni suala la lugha, basi Inooro TV, iliyoanzishwa na Royal Media mwaka 2015, ndiyo mrithi halali. Nakubali kwamba vituo vya lugha za mama vimethibitisha hoja yangu badala ya kuipinga: vimeonyesha kwamba mtazamaji humfuata anayemzungumzia. Lakini banda la mpira si sebule. Katika barabara inayopita kambi ya Lanet na kushuka hadi jiji la Nakuru wanaketi pamoja Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo na Wakisii. Nakuru iliwaka moto Januari 2008, na watu wa makabila hayo walifukuzana mitaani. Mahali ambapo vijana wao hukaa benchi moja kwa dakika 90, wakibishana kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuidai kuwa ya kabila lake, hapafai kupuuzwa na mtu yeyote anayeandika kuhusu umma katika nchi hii.

Mabadiliko yalipokuja hayakutoka Nairobi. Azam Media, tawi la kundi la Bakhresa, ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwishoni mwa 2013, na Ligi Kuu ya Tanzania Bara ndiyo ikawa nguzo yake. Mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 na shirikisho la soka la nchi hiyo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Tofauti na SuperSport ni ileile ya Fox Deportes na sauti ya pili: Kiswahili si nyongeza, ndiyo lugha ambayo kwayo mwongozaji wa kamera anapokea amri, mchambuzi anasoma takwimu, na mwandishi wa pembeni mwa uwanja anamhoji kocha. Yanga na Simba zimepata hadhira inayovuka mipaka kwa sababu hiyo, na vijana wa Nakuru wanaoweza kuutaja ukuta wa Simba beki kwa beki wanazidi kuongezeka. Mwaka 2023 Azam ilichukua pia haki za ligi ya Kenya kwa mkataba wa miaka saba. Ligi yetu iliingia katika runinga ya michezo ya Kiswahili kwa mkono wa kampuni ya Dar es Salaam.

Nimefurahi, na nina wasiwasi. Furaha haihitaji kuelezwa. Wasiwasi ni kwamba hakuna kanuni iliyolifanya hili litokee. Limetokea kwa kuwa mnunuzi wa safari hii ni Mswahili. Akija mnunuzi mwingine, lugha itaondoka pamoja na magari ya matangazo. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice, kwa hiyo hata maamuzi yaliyokuwa yakifanywa Johannesburg sasa yana ofisi ya juu yake Paris. Pia mwekezaji wa Tanzania ana haki ya kupanga ratiba kwa kumfikiria mteja wake wa Tanzania kwanza. Siku Simba na Gor Mahia wanacheza mechi tofauti kwa wakati mmoja, sitegemei Gor ipewe kituo kikuu.

Kwa hiyo shirikisho la soka la Kenya linapaswa kuacha kuuza ligi kama kipande cha ardhi kisichogawanyika. Haki za Kiswahili zitajwe kando katika zabuni, ziwe na bei yake, na mnunuzi wa haki za nchi alazimike ama kuzitumia kikamilifu ama kuziachia kituo kingine kinachoweza. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ianze kuyahesabu mabanda kwa idadi ya watu walioketi ndani, na mwenye banda apewe leseni nafuu inayomfanya aone faida ya kujiandikisha badala ya kujificha.

Nafasi ya kujaribu iko karibu. Mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani barani Afrika, yaliyochezwa Agosti 2025 katika Kenya, Tanzania na Uganda yalionyesha kwamba uwanja wa Kasarani jijini Nairobi unajaa, na kwamba ushindi wa Kenya wa 1-0 dhidi ya Morocco, waliokuja kuwa mabingwa, unaweza kuisimamisha nchi. Nchi hizohizo tatu zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Kiswahili kina hadhi rasmi katika zote tatu. KBC, TBC na UBC, vituo vya taifa vya nchi hizo, zikienda CAF, shirikisho la soka la Afrika, kila moja peke yake, kila moja itauziwa nchi yake kwa bei ya nchi. Zikienda pamoja, zinaweza kudai kuuziwa Kiswahili cha ukanda mzima, na kuweka watangazaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala katika chumba kimoja. Telemundo ilikuwa na hoja moja tu mbele ya FIFA, idadi ya watu wanaotazama kwa lugha yake, na vituo hivi vitatu vina hoja hiyohiyo, mradi mabanda yawe yamehesabiwa kabla ya mazungumzo kuanza.