Jukwaa Lisilo na Paa: Usanifu wa Kamĩrĩĩthũ na Pengo la Uhakiki

Uhakiki wa tamthilia nchini Kenya aghalabu husoma maneno na kuziacha mbao. Umbo la jukwaa, maleba na mwanga hutajwa kwa ufupi mwishoni, kana kwamba vilijileta vyenyewe. Kasoro hiyo inadhihirika zaidi katika kisa cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako msanifu wa jukwaa alikuwa kijiji kizima.

Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa. Kwa mkazi wa mitaa ya mashariki ya mji, tokea Kaloleni hadi Fedha ya leo, ukumbi huo uko ng'ambo ya pili, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Na umbo lake lina itikadi yake. Fremu humtenga mwigizaji, na hadhira huketi gizani ikitazama upande mmoja.

Mwaka 1977 wakulima, wafanyakazi na vijana wa Kamĩrĩĩthũ walipanga njiti za kiberiti ardhini, wakaunda kielelezo kidogo, kisha wakajenga. Jukwaa lilikuwa la nusu duara, limeinuliwa kidogo, likiegemea ukuta wa mianzi. Nyuma yake palikuwa na kijumba cha vyumba vitatu cha kuhifadhia vifaa na kubadilishia mavazi. Viti virefu vya mbao vilipanda kama ngazi na kutosha watu zaidi ya elfu mbili. Paa halikuwapo. Waigizaji waliweza kupita katikati ya watazamaji bila kizuizi, na mazoezi yenyewe yalifanyika hadharani, kiasi kwamba wapita njia walisahihisha lugha na miondoko. Hapo ndipo hoja ya *Ngaahika Ndeenda* kuhusu ardhi ilipopata mwili: mtazamaji hakutazama shamba lililochorwa kwenye kitambaa, alikuwa ameketi juu ya udongo wenyewe.

Onyesho lilianza Oktoba 1977; kibali kikafutwa tarehe 16 Novemba. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Hata hivyo matini ilichapishwa mwaka 1980 na kuendelea kusomwa. Ukumbi haukupata bahati hiyo. Tarehe 12 Machi 1982 askari wenye silaha waliubomoa. Yamkini dola lilifahamu usanifu wa jukwaa kuliko wahakiki: kitabu kiliachwa dukani, mianzi ikaangushwa.

Tamthilia hiyo ilirudi Nairobi Mei 2022, katika Ukumbi wa Kitaifa. Maneno yalikuwa yale yale kwa kiasi kikubwa. Lakini safari hii palikuwa na paa, fremu na mlango mmoja wa tikiti, na uhusiano uliobuniwa kwa njiti za kiberiti haukuweza kuingia humo pamoja na waigizaji.