Utapiamlo kwa watoto wadogo Kibiti na delta ya Rufiji: dalili, tiba na nafasi ya jamii

Delta ya Rufiji ina samaki, kamba, nazi na mpunga. Hata hivyo, wapo watoto wa chini ya miaka mitano wanaokua kwa shida kwa kukosa lishe sahihi. Katika makala haya tunaeleza utapiamlo ni nini, kwa nini hutokea hata mahali penye chakula, na msaada unapatikanaje.

Aina za utapiamlo

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Huja polepole, hasa ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili. Ukondefu ni uzito mdogo ukilinganishwa na urefu. Huweza kuja kwa wiki chache tu na kuua. Wapo pia watoto wanaovimba miguu na uso, hali ambayo wengi huiita kwashakoo, na mzazi anaweza kudhani mtoto amenenepa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa umri huo nchini wamedumaa, na 3 katika kila 100 wana ukondefu.

Kwa nini hutokea

Kushiba si sawa na kulishwa vizuri. Mtoto anayepewa uji mweupe au wali mtupu kutwa hulala ameshiba, lakini mwili haupati vya kujengea. Samaki na kamba mara nyingi huuzwa, maana ndiyo fedha ya nyumba. Msimu wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, familia huhamia shambani na kuishi kwenye madungu, mbali na kliniki. Mama anashinda kazini, mtoto anabaki na dada yake. Ongeza malaria na kuhara, ambavyo humwondolea hamu ya kula. Kwenye visiwa vya delta, safari ya kwenda zahanati husubiri maji yajae na nauli ya boti ipatikane. Mafuriko ya Aprili 2024 nayo yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti.

Msaada unavyopatikana

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Zaidi ya hapo ni kijani.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali lakini mchangamfu na mwenye hamu ya kula hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa, kinachotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Hicho ni dawa yake peke yake. Akigawiwa kaka yake, mgonjwa hatapona. Asiyeweza kula, au mwenye homa kali au kutapika, hulazwa.

Kila miezi mitatu, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huwakutanisha wazazi kwa ajili ya upimaji na mapishi ya pamoja. Njia hii si ngeni nchini. Mwaka 1983, mkoani Iringa, serikali pamoja na UNICEF na WHO walianza mpango uliofikia vijiji 168, ambako wanakijiji wenyewe walipima watoto na kujadili matokeo.

Fedha nazo zipo kwenye utaratibu. Chini ya Mkataba wa Lishe, halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwananchi ana haki ya kuuliza matumizi yake kwenye mkutano wa kijiji.

Aibu inayochelewesha tiba

Pwani, mtoto anapodhoofu, watu husema amebemendwa, na lawama humwangukia mama. Kwa hofu ya kusemwa, wengine huwaficha watoto ndani. Tunasisitiza: utapiamlo ni ugonjwa unaotibika. Baba, bibi na majirani wakimsindikiza mama zahanati badala ya kumnyooshea kidole, mtoto hufika mapema.

Nyumbani tufanye nini

Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha uendelee kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito, wenye karanga au tui la nazi. Tenga samaki wa mtoto kabla ya kuuza; hata dagaa waliosagwa wanafaa. Kisamvu, tembele, mbaazi na maembe vyote ni vya kwetu.

Ukiona mtoto amevimba miguu yote miwili, amekataa kula au amelegea, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.