Aiskrimu ya Granada: Kutoka Theluji ya Mlimani hadi Los Italianos

Mji wa Granada, kusini mwa Hispania, uko chini ya safu ya Sierra Nevada, yenye kilele cha zaidi ya mita 3,400. Kwa karne nyingi ubaridi wa mji ulitoka huko. Wachukuzi walioitwa neveros walipanda usiku na nyumbu, wakashindilia theluji kwenye vikapu na kuishusha kabla jua halijachomoza, isije ikayeyuka njiani. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya barafu viliua kazi hiyo.

Ufundi wa aiskrimu nao ulikuwa na wenyewe. Mabonde ya milimani ya Veneto, kaskazini mwa Italia, yalikuwa na ardhi haba, na tangu karne ya 19 familia nyingi za huko zilihamia miji ya Ulaya kuuza aiskrimu. Huko Granada, familia moja ya Kiitalia ilifungua duka la aiskrimu la Los Italianos mwaka 1936 katika barabara ya Gran Vía, karibu na kanisa kuu. Julai mwaka huohuo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania vilianza, lakini duka lilidumu.

Kinachosifika zaidi hapo ni cassata: aiskrimu ya matabaka hukatwa kipande na kusimamishwa ndani ya koni. Duka hufungwa majira ya baridi. Likifunguliwa tena, wenyeji hujua joto limekaribia.