Mwasisi wa Tivoli na Dira ya Mtu

Miongoni mwa watu waliozidisha furaha ya wenzao kuliko walivyozidisha mali zao wenyewe, Georg Carstensen, mwasisi wa bustani ya Tivoli katika mji wa Copenhagen, anastahili kukumbukwa na kila mtu atafutaye dira ya maisha yake. Kwani ardhi aliyoijenga haikuwa milki yake, na fedha alizozitumia zilikuwa za wanahisa, lakini fikira iliyoyafungamanisha yote ilikuwa yake, nayo imeishi miaka mingi kuliko yeye.

Alizaliwa mwaka 1812 katika mji wa Algiers, kaskazini mwa Afrika, ambako baba yake alikuwa konseli wa ufalme wa Denmark. Alipokua alitumikia jeshi akapata cheo cha luteni, akasafiri nchi za mbali, kisha akaishi Copenhagen akitoa magazeti. Mji huo zama zile ulikuwa ungali umezungukwa na boma na handaki la maji, malango yake yakifungwa usiku, na raia wake wakiishi kwa msongamano chini ya mfalme mwenye mamlaka yote. Miji mikubwa zaidi, kama Paris na London, ilikwisha kujua bustani za starehe, ambamo mtu alilipa kiingilio akasikiliza muziki, akatembea chini ya taa za rangi na kutazama fataki. Na Carstensen, ambaye hakudai kwamba yeye ndiye wa kwanza kuwaza jambo hilo, alitwaa majina ya bustani mbili mashuhuri za miji hiyo, akaliita shirika lake Tivoli na Vauxhall.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, wala dira peke yake haijengi ukuta. Kabla ya kuomba ardhi, Carstensen alikuwa amewaandalia wasomaji wa magazeti yake tamasha za muziki na taa, na katika tamasha hizo alijifunza nini huwavuta watu, nini huwachosha, na namna ya kuuongoza umati bila ya kuuudhi. Alipokwenda mbele ya Mfalme Christian wa Nane, basi, hakwenda na ndoto tupu, bali alikwenda na maarifa yaliyokwisha kujaribiwa. Husimuliwa kwamba alimweleza mfalme kuwa watu wanaojifurahisha hawashughuliki na siasa; na kama ni maneno hayo au ni mengine yaliyomridhisha mtawala, ruhusa ilipatikana, nayo ilikuwa ya miaka 5 tu.

Ruhusa hiyo ilikuja na masharti mazito. Kiwanja alichopewa, nje ya Lango la Magharibi, kilikuwa sehemu ya ardhi ya ulinzi wa mji, na kwa hiyo majengo yake yalipasa kuwa mepesi, yanayoweza kuondolewa upesi endapo vita vingetokea. Mtu mwenye moyo dhaifu angeliona sharti hilo kuwa ni kizuizi cha azma yake, lakini Carstensen alijenga kwa mbao na rangi, akasimamisha bazari na mabanda yenye sura ya Mashariki, akaweka thieta, migahawa, pembea za kuzunguka na reli ya mteremko, na sehemu ya handaki la maji, lililochimbwa ili kuwazuia maadui, ikawa ziwa lililorudisha nuru ya taa usiku. Muziki aliukabidhi kwa Hans Christian Lumbye, mtunzi hodari, ambaye nyimbo zake za dansi zilipendwa na mji mzima.

Bustani ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, na watu wa kila tabaka, mafundi na matajiri, watumishi na mabwana, waliingia kwa lango moja na kutembea katika njia zile zile. Miongoni mwa waliofika katika msimu huo wa kwanza alikuwamo Hans Christian Andersen, mwandishi wa hadithi, ambaye baada ya kutembea bustanini alianza kuandika kisa chake cha ndege mwimbaji wa mfalme wa Uchina. Mwaka uliofuata Carstensen alisema kwamba Tivoli haitakamilika kamwe. Na katika kauli hiyo nauona ukubwa wake, kwa kuwa alikiri mapema kwamba kazi njema humzidi umri mwenye kuianza.

Kadari haikumpa raha ya kuzeeka pamoja na kazi yake. Vita vilipotokea mwaka 1848 alikwenda kutumikia jeshi, na baada ya kuhitilafiana na wakuu wa shirika, bustani ikatoka mikononi mwake. Akavuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, kisha akafika New York, ambako pamoja na Charles Gildemeister alisanifu jumba la kioo la maonyesho ya mwaka 1853. Hatimaye alirejea kwao akaanza kujenga bustani nyingine, aliyoiita Alhambra, lakini alifariki mwanzoni mwa 1857, akiwa na umri wa miaka 44, kabla haijafunguliwa. Alhambra haikudumu. Tivoli imedumu, na hata ilipochomwa moto mwaka 1944, wakati wa utawala wa Wajerumani, na watu waliowatumikia wavamizi hao, ilifunguliwa tena baada ya wiki chache.

Mwaka 1951 alifika Tivoli mgeni kutoka Marekani, Walt Disney, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaza mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja, akatembea akiandika aliyoyaona: usafi wa njia, mpango wa taa, maua, viti na uchangamfu wa wahudumu. Tarehe 17 Julai 1955 alifungua Disneyland huko Anaheim, California, penye mashamba ya michungwa. Naye pia akatangaza kwamba bustani yake haitakamilika maadamu ubunifu ungalimo duniani.

Ewe msomaji unayeitafuta dira yako, usingoje wazo ambalo halijapata kuwazwa na mwanadamu yeyote, wala usingoje ardhi isiyokuwa na masharti. Tazama kazi ya mtu unayemstahi kwa jicho la mwanafunzi, uandike unayoyaona. Lijaribu wazo lako kwa udogo mbele ya watu wachache. Uombe ruhusa kwa adabu na ujenge kwa vifaa ulivyopewa. Na kazi itakapoanza kuwafaa wenzako, usisikitike kwamba haijakamilika, bali uwafunze wale watakaoipokea baada yako.